Kura mbili za Fundi: Manzese, Oktoba 2010

Jumapili ya tarehe 31 Oktoba 2010 Fundi aliamka, akaswali, akaifunika cherahani yake kwa kipande cha turubai, akaenda kupanga foleni kwenye shule ya msingi iliyo hatua chache kutoka kwake Manzese. Akapewa karatasi tatu. Ya diwani tuiache, hata yeye hakukumbuka vizuri alimpa nani. Kwenye karatasi ya rais aliweka vema kwa Jakaya Kikwete, Mwislamu wa CCM, chama ambacho hakuwahi kukipa kura hata moja tangu vyama vingi virudi. Kwenye karatasi ya ubunge wa Ubungo aliweka vema kwa John Mnyika wa Chadema, kijana wa Kikristo wa miaka 29. Na Fundi mwenyewe ni mwana-CUF wa kadi, wa bendera mlangoni, wa kutembea kwa miguu hadi Jangwani siku mwenyekiti wake, Profesa Lipumba, akihutubia. Chama chake kilikuwa na wagombea kwenye karatasi zote mbili. Akawapita.

Kura ni siri, najua. Lakini mimi nilikuwa mpangaji wake, chumba cha uani, na wiki mbili baada ya matokeo alinisimulia yote bila kuulizwa, kama mtu anayetua mzigo. Nilikuwa na tabia ya kuandika mazungumzo ya kibarazani kwake, na daftari lile ninalo mpaka leo. Jina lake nalihifadhi. Mtaa mzima tulimwita Fundi.

Kisa hiki hunirudia kila uchaguzi wa rais unapokaribia na watu wanapoanza kuulizana mgombea ni wa dini gani. Hesabu ya mitaani huwa ni ile ile: Waislamu watampa mwenzao, Wakristo watampa wao, basi hesabu vichwa. Fundi anaivuruga hesabu hiyo. Kwa mkono ule ule, kalamu ile ile, dakika mbili hazijapita, alipiga kura moja kwa ajili ya dini na nyingine kwa ajili ya madumu ya maji. Na hiyo ya dini nayo, ukiifungua, ndani hukuti kile ulichotegemea.

"Namwogopa padri"

"Mwanangu, mimi Mkristo simwogopi," aliniambia. "Namwogopa padri."

Aliyemkusudia ni Dk. Willibrod Slaa, mgombea wa Chadema. Mbunge wa Karatu tangu 1995, Katibu Mkuu wa chama chake, na kabla ya siasa padri wa Kanisa Katoliki aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Upadri alikuwa ameshauacha miaka mingi. Kwa Fundi hilo halikubadili kitu.

Nilimbana. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, Mkapa Mkatoliki. Mbona hao hakuwaogopa? Hapo Fundi alisimamisha cherahani kabisa, maana nilikuwa nimegusa habari za baba yake. Baba yake alikuwa TANU. Fundi alikulia kwenye simulizi za wazee wa Kariakoo na Gerezani, wengi wao Waislamu, akina Abdulwahid Sykes, waliompokea mwalimu wa Kikatoliki kutoka Pugu, wakampa uongozi wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, mwaka 1953 na wa TANU yenyewe mwaka uliofuata. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa mji wa Waislamu hasa, na kiongozi wake wa siasa akawa mtu aliyekuja mjini na rozari. Kama dini ya kiongozi ndiyo iliyokuwa kipimo, Mwalimu angebaki na chaki yake Pugu. Fundi anayajua haya kuliko mimi, na anayasema kwa majivuno.

Sasa padri alikuwa na nini? Mambo aliyonitajia Fundi hayakuhusu sala wala imani hata kidogo. Alianza na waraka wa 2009, ambao Kanisa Katoliki liliutoa kuwaelekeza waumini juu ya sifa za kiongozi na vipaumbele vya taifa kuelekea uchaguzi. Waraka haukumtaja mgombea yeyote. Hata hivyo Kingunge Ngombale-Mwiru, mkongwe wa CCM, akasimama kuupinga na kutaka uondolewe, na Shura ya Maimamu nayo ikatoa Mwongozo wake kwa Waislamu. Maandiko mawili, yote yakizungumzia haki na uongozi bora, na sidhani kama mtaani kwetu kulikuwa na watu watano walioyasoma. Kilichosomwa ni kule kuwepo kwake. Mwaka mmoja kabla ya kura, Kanisa limeandika. Mwaka wa kura, anajitokeza mtu aliyewahi kukaa ofisini kwa maaskofu. Fundi aliyaunganisha kama anavyounga mikono ya shati.

Akaja kwenye mkataba wa 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu shule na hospitali zao kusaidiwa na Serikali, lalamiko ambalo utalisikia katika kila baraza la Waislamu wa umri wake. Nilimkumbusha kwamba mjukuu wake alizaliwa kwenye hospitali ya kanisa na hakuna aliyemuuliza shahada. Akacheka. "Dawa haina dini," akasema. "Bajeti inayo."

Akamalizia na msikiti wa Mwembechai. Februari 1998 polisi walifyatua risasi pale, mwendo wa miguu kutoka Manzese, na watu wakafa. Rais alikuwa Mkapa. Nikamuuliza: basi si ungeanza kuwaogopa marais Wakristo tangu siku ile? Jibu lake nililiandika neno kwa neno: "Mkapa ukiwa na lalamiko, unajua pa kulipeleka, hata kama hasikii. Padri akiwa Ikulu, utamlalamikia kwa nani? Kwa askofu wake?"

Mimi sikukubaliana naye wakati ule, na sikubaliani naye leo. Mtu aliyeacha upadri hapokei amri za askofu, na Slaa wa 2010 alijulikana kwa faili za ufisadi zaidi ya mahubiri. Ila jibu la Fundi lina kitu. Swali lake ni nani atamfikia rais, na rais atamsikia nani. Dini kwake ilikuwa njia ya kukisia jibu.

Mtaa mmoja, upadri mmoja

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mama mmoja muuza maandazi, Mkatoliki, kiongozi wa jumuiya ndogondogo, mwenye khanga ya CCM ya kila uchaguzi tangu mwaka ambao hata yeye hakumbuki. Ungetegemea afurahi kwamba mtu wa kanisa lake anagombea. Wapi! "Mtu aliyeiacha altare," aliniambia huku akigeuza maandazi, "atashindwa kuiacha Ikulu?" Kwake nadhiri ni nadhiri. Padri aliyevua kanzu hakuwa fahari ya parokia, alikuwa jambo la kuombewa.

Mama huyo huyo alimsifu Kikwete kwa funga yake. Kampeni za CCM zilizinduliwa Jangwani mwezi Agosti, Ramadhani ikiwa imeingia, na Kikwete akaishiwa nguvu jukwaani mbele ya umati. Waliokuwa naye walieleza kuwa ni uchovu na saumu. Vijiweni watu walicheka, wengine walinong'ona ugonjwa. Mama maandazi alikasirika: "Mwenzenu kafunga na bado anafanya kazi, ninyi mnaokula mchana mmefanya nini?" Mkatoliki aliyemkataa padri wa zamani kwa sababu ya kanisa lake na kumkubali Mwislamu kwa sababu ya Ramadhani yake. Nionyeshe hesabu ya vichwa inayoweza kumpata mama huyu.

Na ndani ya nyumba ya Fundi mwenyewe alikuwemo kijana wake, machinga wa chaja na kava za simu Kariakoo, Mwislamu wa kuswali. Yeye alimpa Slaa. Mwaka 2007, tarehe 15 Septemba, alikuwepo Mwembe Yanga, Temeke, Slaa aliposoma orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na tangu siku ile hakuambiwa kitu akasikia. Bilioni 133 za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zilizochotwa Benki Kuu alikuwa akizitaja kama mtu anayedai zake. Tena Slaa alikuwa ameahidi mfuko wa saruji kushuka hadi shilingi 5,000, na kijana alikuwa na kiwanja Mbagala chenye msingi uliosimama. Baba yake alipomwambia habari za padri, alijibu kwa heshima lakini alijibu: "Baba, wezi si ndio wanaotaka mtu wa kuwaungamisha?"

Watu watatu, upadri ni ule ule mmoja. Mzee akaona mkono wa Kanisa, mama akaona nadhiri iliyovunjwa, kijana akaona mtu asiyeogopa kutaja dhambi. Wawili wa dini tofauti wakampa kura mtu mmoja kwa sababu zinazopingana, na baba na mwana wa msikiti mmoja wakagawanyika. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema dini ya mgombea "iliathiri kura", namuuliza iliathiri kwenda upande gani.

Namba zinasema nini

Hapa inabidi tutoke Manzese kidogo, kwa sababu mtaa mmoja si nchi.

Mwaka 2005 Kikwete alipata kura 9,123,952, yaani asilimia 80.28. Lipumba, Mwislamu mwenzake, alipata 1,327,125. Freeman Mbowe wa Chadema, Mkristo, 668,756. Asilimia 80 katika nchi kama hii haipatikani msikitini peke yake; Wakristo kwa mamilioni walimchagua Mwislamu na hakuna aliyeshangaa. Miaka mitano baadaye mtu ni yule yule, msikiti wake ule ule, na anapata 5,276,827, asilimia 61.17. Slaa 2,271,941. Lipumba 695,667.

Dini ya Kikwete haikubadilika kati ya 2005 na 2010. Kwa hiyo yenyewe haiwezi kueleza kura milioni 3.8 alizopoteza. Wala Slaa hakuzichukua zote: Chadema iliongeza kura milioni 1.6 tu. Wengi walibaki nyumbani. Waliojiandikisha walikuwa 20,137,303, waliopiga kura 8,626,283, chini ya asilimia 43, wakati mwaka 2005 walikuwa zaidi ya asilimia 70. Kama kweli nchi ilikuwa imegawanyika misikiti na makanisa kama magazeti yalivyoandika, watu wangefurika vituoni. Anayeogopa hashindi amelala.

Ukirudi nyuma zaidi, 1995, Lipumba alikuwa akishindana na Mkapa wa CCM na Mrema wa NCCR-Mageuzi, Wakatoliki wote wawili. Alipata asilimia 6.4. Hiyo nayo ni namba ya kuwekwa mezani kila mtu anaposema Waislamu hupigia kura Uislamu.

Kitu kimoja nakiona kwenye namba za 2010 ambacho kinafanana na Fundi: Lipumba kupoteza kura zaidi ya laki sita. Waliopungua ni wengi kila mahali, kwa hiyo sitasema wote walifanya kama mzee wangu. Ila hoja ya "tusigawe kura" niliisikia kwa masikio yangu Ijumaa mbili mfululizo kwenye kahawa baada ya swala, na ujumbe wa simu wa kumtisha mtu na padri ulipita kwenye simu yangu pia. Nani aliutuma, sijui. Zaidi ya hapo hakuna wa kukokotoa, kwa kuwa sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, na kila upande una takwimu zake za mfukoni.

Na wala si penzi kwa Kikwete lililomvuta Fundi. Ilani ya CCM ya 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi. Mwaka 2010 ulifika na kadhi hajaonekana, na Fundi alikuwa na maneno makali juu ya hilo kuliko Mkristo yeyote niliyemsikia. Alimpa kura mtu aliyemkasirikia ili kumzuia mtu aliyemhofia.

Si sisi tu. Marekani walimkataa Al Smith, Mkatoliki, mwaka 1928, na John Kennedy alipogombea 1960 ilimbidi aende Houston, Septemba, akae mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti awaeleze kwamba Kanisa halitamwamulia kazi za urais. Hawakumuuliza anasali mara ngapi. Walitaka kujua kama Roma itakuwa na funguo ya mlango wake. Fundi hajawahi kumsikia Al Smith, lakini swali lao ni moja.

Karatasi ya pili

Sasa Mnyika. Nilimuuliza Fundi: huyu naye Mkristo, chama ni kile kile cha padri, mbona ulimpa?

Maji, akasema. Manzese ya miaka ile mabomba yalikuwa makavu, tulinunua madumu kwa wenye mikokoteni, na wake zetu na watoto wetu walikuwa na alama za ndoo vichwani. Mnyika alikuwa ameshagombea Ubungo mwaka 2005 akashindwa, akaendelea kulisemea suala la maji kana kwamba ameshinda. Hilo Fundi aliliona. Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo mimi naona kiini cha kisa chote. Aliniambia: "Mnyika nitamkamata. Akinidanganya, ofisi yake iko hapa hapa Ubungo, nitakwenda na ndoo yangu. Rais nitamkamatia wapi?"

Mbunge anashikika. Unamwona msibani, unamzomea mkutanoni, hata mahakamani unampeleka: Mnyika huyo huyo alishtakiwa Mahakama Kuu na aliyekuwa mgombea wa CCM, Hawa Ng'humbi, na Mnyika akashinda kesi mwaka 2012. Sheria ya uchaguzi ya wakati ule iliruhusu hata ubunge kutenguliwa kama mgombea alitumia tofauti za dini, kabila au rangi kujipatia kura. Kwa rais, Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Yaani kanuni ya kukataza udini ina meno pale ambapo mpigakura hauhitaji sana udini, na haina meno pale anapouhitaji zaidi.

Nasema "anauhitaji" kwa makusudi. Mtu asiyeweza kumkagua kiongozi hutafuta kitu cha kumdhamini. Kwa mbunge Fundi alikuwa na miaka mitano ya kumtazama. Kwa rais alikuwa na sauti ya redioni, ujumbe wa simu, kumbukumbu ya risasi za 1998 na neno moja, padri. Dini ilijaza nafasi ambayo taarifa na uwajibikaji viliiacha wazi. Hii haimwondolei lawama. Kijana wake alikuwa na redio ile ile na aliona tofauti.

Viongozi nao walilichukulia jambo hili kwa namna yao. Kikwete aliapa Uwanja wa Uhuru tarehe 6 Novemba, na alipolifungua Bunge siku chache baadaye alizungumzia udini uliojitokeza kwenye kampeni, wabunge wa Chadema wakiwa wameshatoka ukumbini. CCM iliwanyooshea kidole Chadema, Chadema ikainyooshea CCM. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu kama Fundi, aliyelelewa na wazee waliomchagua Nyerere, alifika mahali pa kuogopa kanzu.

Miaka mitano ilipita. Oktoba 2015 nilikuwa nimehamia Tabata, lakini suruali zangu bado nilizipeleka Manzese. Safari hii wagombea wakubwa walikuwa Wakristo wawili, Magufuli Mkatoliki na Lowassa Mlutheri, na wagombea wenza wao Waislamu wawili wa Zanzibar, Samia Suluhu Hassan na Juma Duni Haji. Slaa alikuwa ameaga siasa. Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti wa CUF kwa sababu ya Lowassa huyo huyo. CUF ilikuwa ndani ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Lowassa, na Fundi alikuwa amerudisha bendera mlangoni. Akaniambia amempa Lowassa.

"Lakini Fundi, huyu naye ni Mkristo, tena kaletwa na Chadema ile ile."

Alikata uzi kwa meno, akaikunjua suruali aione mshono.

"Huyu hajawahi kuungamisha mtu," akasema. Kisha akaniuliza naitaka lini.